Kalkulasi kwenye kompyuta haikufanyi mvivu

Unasema kujifunza kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, kwenye maabara ya kompyuta kunalemaza akili? Hapana ndugu, hakulemazi, mradi usiiachie programu ikufanyie kila kitu. Fungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, chora y = x², weka nukta mbili juu ya grafu, moja penye x = 1, uziunganishe kwa mstari. Sasa isogeze ile ya pili polepole kuelekea ile ya kwanza. Ikiwa mbele kwa 0.1, mteremko wa mstari ni 2.1, kwa 0.01 ni 2.01, kwa 0.001 ni 2.001. Unauona kwa macho yako ukiikaribia 2! Hapo ndipo dhana ya kikomo, yaani thamani inayokaribiwa, iliponiingia, baada ya muhula mzima wa kukariri kanuni. Kisha shika kalamu, ukokotoe mteremko huo mwenyewe mpaka upate 2 + h, ambapo h ni kiasi ambacho x ya nukta ya pili iko mbele ya 1. Hatua hiyo usiiruke kabisa.