Kuzima mashine ya kupumulia si lazima iwe kuua
Dada uliyeuliza kama ni dhambi kukubali mama azimiwe mashine ya kupumulia: si lazima. Katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inaruhusu kusitisha matibabu yenye mzigo mkubwa au yasiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Anayeamua ni mgonjwa; akishindwa, wenye haki kisheria, kwa kuheshimu matakwa yake. Muulizeni daktari waziwazi: mashine inampa nafasi ya kupona, au inachelewesha kifo tu?

Wengi hukosea kwenye mpira wa kumlishia mgonjwa. Lishe na maji ni huduma ya kawaida, hata kwa mpira. Huachwa tu mwili ukishindwa kuvipokea au vikimdhuru. Morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, inaruhusiwa, mradi kifo hakikusudiwi. Na tafadhali, padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea.