Mikono kwenye kinanda, lupu mguuni

Anayepiga kinanda peke yake harusini anajua mikono miwili haitoshi. Besi inakungoja, kodi (noti zinazopigwa pamoja) zinakungoja, ngoma nazo. Lupu, kipande ulichorekodi kinachojirudia chenyewe, inasaidia, ila nayo inataka mtu wa kuibonyeza. Wengi hukimbilia kontrola (kisanduku cha kuongoza programu ya muziki) yenye vitufe 64 vya taa. Inapendeza kuitazama, lakini kila ukiigusa umeshaondoa mkono kwenye kinanda. Kabla hujaenda dukani, jiulize kiungo gani cha mwili kimekaa bure. Mguu.

Mimi natumia kibodi kuukuu ya kompyuta ya mezani, nimeilaza sakafuni. Nimeng'oa vitufe vyote isipokuwa Q, T, P na kile kirefu cha nafasi. Juu ya zile herufi tatu nimegundisha vifuniko vya soda, na viatu navivua. Dole gumba likigusa kifuniko najua nipo wapi hata ukumbi ukiwa giza. Kwenye Ableton Live, programu ya kurekodi na kupiga lupu, nabonyeza Ctrl+K kwa kibodi ya kompyuta yenyewe, nachagua kitu kwenye skrini, nagusa herufi, basi. Q inarekodi, T inaongeza tabaka, P inasimamisha. Zima kwanza ile hali ya programu inayofanya herufi zipige noti, la sivyo utagongana nayo. Zima na intaneti pia: dirisha la taarifa likichomoza mbele ya programu, mguu wako utabonyeza hewa.

Lupu zangu nazirekodi kwa MIDI, lugha ambayo vyombo vya kielektroniki hupeana maagizo. Kwa nini hiyo na si sauti yenyewe? Tangu 1983 MIDI imebeba maagizo tu: noti ipi, nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, imeachiwa saa ngapi. Ndiyo maana naweza kurekodi besi kwa sauti ya piano, nikaibadili baadaye, na bibi harusi akiingia polepole napunguza mwendo bila sauti kuwa nzito.

Ubaya wake ni noti inayoning'inia. Lupu ikikatwa kabla ya agizo la kuachia, ogani inalia bila kikomo. Programu nyingine huifunga zenyewe, si zote. Inua vidole na pedali kabla baa (kipimo kimoja cha mdundo) haijaisha.

Sasa penye utamu: mdundo. Chakacha inatembea tatu-tatu. Programu ikiwa nne kwa nne, na urekebishaji wa noti (kuzisogeza zikae sawa na mdundo) umewekwa moja ya kumi na sita, chakacha yako itachechemea kama askari mwenye kiatu kibovu. Weka sita kwa nane, au chagua gridi ya tatu-tatu. Hata hapo, usirekebishe asilimia mia. 50 inatosha, ule uvivu mtamu wa mkono ubaki. Mimi ngoma huwa sizirekebishi kabisa.

Ukichoka na kibodi, pedi ya gemu nayo inafaa: kwenye Windows, JoyToKey hugeuza vitufe vyake kuwa herufi. Ukitaka kile kijiti kifungue sauti taratibu, jifunze Pure Data, programu ya bure aliyoianzisha Miller Puckette. Inataka subira.

Kumaliza wimbo: P inangoja baa iishe, kwa hiyo iguse mapema, ndani ya baa ya mwisho. Kitufe cha nafasi kinakata papo hapo. Hicho mwekee MC, maana akinyakua maikrofoni hangoji baa.