Maswali ya Wasomaji: X-Men na nambari moja zake nyingi

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Marehemu ami yangu alikuwa baharia, na katika sanduku lake tumekuta vitabu vya katuni vya X-Men. Kimoja hakina jalada, lakini chini ya ukurasa wake wa kwanza kuna maandishi madogo yanayosema ni nambari 73, Desemba 1971. Jamaa yangu aliyeko ng'ambo ananiambia hadithi hiyo ni ya mwaka 1966. Cha pili ni nambari 1 ya Oktoba 1991. Juzi mwanangu kanionesha katika simu nambari 1 nyengine, ya mwaka 2024. Naomba kujua mfululizo huu ulianza lini khasa, na kama uliwahi kusita. (Msomaji, Mkunazini, Unguja)

JIBU: Wa alaykum salaam, na Mungu amrehemu ami yako. Jamaa yako amesema kweli, na kitabu nacho hakikusema uongo. Ili hayo mawili yapatane inatubidi turudi nyuma kidogo.

Toleo la kwanza kabisa, lililoitwa The X-Men, lilitolewa na kampuni ya Marvel ya New York mwezi wa Julai 1963, ijapokuwa jalada lake limeandikwa Septemba. Ilikuwa desturi ya biashara ile kuandika mwezi wa mbele ili muuza magazeti ajue lini akiondoe kitabu rafuni. Bei yake ilikuwa senti 12. Aliyeandika ni Stan Lee, aliyechora ni Jack Kirby, na hadithi ilihusu vijana watano waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, wanaosomeshwa kwa siri katika skuli ya Profesa Xavier. Magneto, adui wao mkubwa, yumo tangu toleo hilo hilo.

Mwanzoni kitabu kilitoka kila baada ya miezi miwili, na sababu haikuwa uvivu. Marvel haikuwa na wasambazaji wake yenyewe. Tangu mwaka 1957 ilitegemea Independent News, kampuni iliyomilikiwa na washindani wake, wachapishaji wa Superman, na hao waliiwekea kikomo cha vitabu vinane hivi kwa mwezi. Mpangaji katika nyumba ya mshindani wake hana budi kuishi kwa masharti, na Marvel ililazimika kuvipokeza zamu vitabu vyake vingi. X-Men ilianza kutoka kila mwezi katika nambari 14, ya Novemba 1965. Kirby alikuwa ameshaacha kuichora kwa ukamilifu baada ya nambari 11, na kuanzia nambari 20 uandishi ukachukuliwa na Roy Thomas, huku Werner Roth akiwa mchoraji. Hadithi iliyomo katika kitabu cha ami yako ilitolewa na hao wawili, katika nambari 25, ya Oktoba 1966.

Sasa iwaje ikaonekana tena mwaka 1971? Ni kwa sababu mfululizo ulisita, kama ulivyohisi. Mwaka 1969 Thomas alipata mchoraji kijana, Neal Adams, aliyezivunja fremu zilizonyooka na kuzipanga upya kwa mshazari, hata ukurasa mzima ukawa unakwenda mbio pamoja na hadithi. Kazi hiyo ilisifiwa sana na ingali ikisifiwa. Lakini mauzo ya wakati ule yalikuwa ya kurudisha: muuza magazeti alichukua vitabu kwa ahadi, akavirudisha vilivyomlalia, na hesabu kamili ilimfikia mchapishaji miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo uamuzi ulifanywa kwa kutazama takwimu zilizokwisha kupitwa na wakati. Nambari 66, ya Machi 1970, ikawa ya mwisho kubeba hadithi mpya. Na hapa niongeze jambo linalohusu jalada lililopotea: muuzaji aghlabu hakurudisha kitabu kizima ila jalada au kipande chake cha juu, na kitabu kilichobaki kilitakiwa kiharibiwe. Si kila mara kiliharibiwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kukutikana vitabu vya zama zile vikiwa vichwa wazi.

Baada ya kimya cha miezi tisa, Marvel iliufufua mfululizo kwa njia ya bei nafuu kabisa, yaani kuchapa upya hadithi za zamani ambazo mwandishi na mchoraji walikuwa wamekwisha kulipwa. Kuanzia nambari 67, ya Desemba 1970, hadi nambari 93, ya Aprili 1975, matoleo 27 yalikwenda mbele kwa nambari na nyuma kwa hadithi. Kitabu chako ni miongoni mwa hayo. Wako wanaoviona vitabu hivyo kuwa takataka, lakini mimi naona ndivyo vilivyohifadhi jina sokoni, na bila ya hivyo huenda tusingekuwa na la kuulizana leo.

Kuzaliwa kwa pili kulikuja mwaka 1975. Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walitoa kitabu kinene kilichoitwa Giant-Size X-Men, wakaleta kikosi kilichotoka pande zote za dunia: Wolverine wa Kanada, Nightcrawler wa Ujerumani, Colossus kutoka Umoja wa Kisovieti, Storm aliyekutwa Kenya, pamoja na Sunfire wa Japani, Banshee wa Ireland na Thunderbird wa kabila la Apache, ambaye masikini hakupewa muda, kwani aliuawa katika nambari 95. Hesabu ya zamani haikuvunjwa. Hadithi mpya ziliendelea na nambari 94, ya Agosti 1975, na kalamu ikakabidhiwa Chris Claremont, aliyekaa nayo kwa miaka 16. Ukiniuliza X-Men ni ya nani, pamoja na heshima zote wanazostahiki Lee na Kirby, nitakutajia yeye.

Claremont alikuwa na subira. Angeweza kudokeza jambo leo na kulifafanua baada ya mwaka, na wasomaji wakaizowea mizani hiyo, khasa alipoungana na mchoraji John Byrne, aliyeshika kazi kuanzia nambari 108 hadi 143. Mfano bora ni kisa cha Jean Grey, mmoja wa wale vijana watano wa mwanzo, mwaka 1980. Akiwa amezidiwa na nguvu inayoitwa Phoenix, Jean anaimeza nyota, na sayari iliyokuwa ikiizunguka inateketea pamoja na watu bilioni 5. Claremont na Byrne walikuwa wamepanga anyang'anywe nguvu zake tu, aendelee kuishi, na kurasa hizo zilikuwa zimekwisha kuchorwa. Mhariri mkuu, Jim Shooter, alikataa: mtu aliyeua umma mzima hawezi kurudi nyumbani kama aliyetoka sokoni. Kurasa za mwisho zikachorwa upya na Jean akafa katika nambari 137, ya Septemba 1980. Mwisho ule wa kwanza ulikuja kuchapishwa mwaka 1984, na aliyesoma miisho yote miwili atakubali, nadhani, kwamba mhariri alikuwa na haki.

Katika miaka hiyo jina likawa The Uncanny X-Men, na hesabu iliyoanza mwaka 1963 ikaendelea chini ya jina hilo mpaka nambari 544, mwaka 2011. Hapo Marvel ilianza upya na nambari 1, ikaanza tena mwaka 2013, 2016, 2018 na 2024. Nambari 1 ya Oktoba 1991 ni ya mfululizo mwengine uliokwenda sambamba na huo, na kando yake iko mingine mingi yenye jina la X-Men ambayo nikiitaja yote ukurasa huu utajaa. Sababu ni ya kibiashara: mnunuzi mgeni huogopa kuanzia nambari 545, lakini nambari 1 humwita. Kampuni yenyewe haijaisahau hesabu ya asili. Mwaka 2015, baada ya nambari 35 ya awamu ya tatu, kitabu kilichofuata kiliandikwa nambari 600. Ukijumlisha 544 za awamu ya kwanza, 20 za pili na 35 za tatu unapata 599, kwa hiyo hawakukosea.

SWALI: Mhariri, nina nambari 1 ya X-Men ya mwaka 1991, nzima kabisa, haijakunjwa. Nimesikia kuwa vitabu vya aina hii huuzwa kwa maelfu ya dola. Je, nimpate wapi mnunuzi? (Msomaji, Chake Chake, Pemba)

JIBU: Ndugu yangu, usiingie gharama ya kumtafuta. Maelfu ya dola hulipwa kwa nambari 1 ya mwaka 1963, si hiyo. Cha kwako, kilichoandikwa na Claremont na kuchorwa na Jim Lee, maduka yaliagiza zaidi ya nakala milioni 8, na hakuna toleo la kitabu cha katuni linalotambuliwa kuwa limeuzwa zaidi. Kilitolewa kwa majalada matano. Manne yalikuwa ya dola 1.50 na kila moja lilibeba sehemu moja ya picha, hata ukiyapanga yanaungana. La tano, la dola 3.95, lilikunjuliwa likaonesha picha nzima. Watu wengi walinunua yote matano wakayafungia kwenye plastiki wakingoja bei ipande, na kwa kuwa kila mmoja ameweka akiba ile ile, bei haikuwa na pa kupandia. Biashara hiyo ya kubahatisha ilipoporomoka miaka ya kati ya 1990 maduka mengi yalifungwa, na Marvel yenyewe iliomba hifadhi ya mufilisi Desemba 1996. Kitoe katika plastiki ukisome. Claremont alitoa matoleo matatu tu ya mfululizo huo kisha akaondoka, kwa kutoelewana na wahariri juu ya mwelekeo wa hadithi, na ni vyema kuona alipoachia.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya sekondari. Je, ni kweli kwamba Storm ni mtu wa Afrika Mashariki? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwa upande wa mama. Kwa mujibu wa hadithi, mama yake ni Mkenya wa ukoo wa kifalme na baba yake ni mpiga picha wa Kimarekani. Storm alizaliwa New York, akapelekwa Cairo akiwa mdogo, akawa yatima huko, akaishi kwa wizi wa mitaani, kisha akasafiri kwa miguu hadi Kenya. Wein na Cockrum walipomtambulisha mwaka 1975 walimchora katika nchi yenye ukame, watu wakimwendea kuomba mvua kama anayeabudiwa. Kwa sisi tulio jirani picha hiyo inachekesha kidogo, kwa kuwa ni Kenya isiyo na Nairobi wala Mombasa. Claremont alimpa uzito zaidi. Baada ya kifo cha Jean, Cyclops, aliyekuwa akikiongoza kikosi, aliondoka na Storm akawa kiongozi. Na mwaka 1986, akiwa amekwisha kupoteza nguvu zake zote, alishindana na Cyclops kugombea uongozi huo, akamshinda. Habari za utoto wake zimo katika nambari 102, ya Desemba 1976. Ukimpata mtu wa kukuazima, muombe mkusanyiko unaoanzia na Giant-Size X-Men, kwani hadithi za miaka hiyo zimechapwa tena kwa mpangilio wake, na hutahangaishwa na nambari.