Shubiri ya mama na alsa

SWALI: Daktari shikamoo. Mie niko Langoni hapa Lamu, tumbo laniwaka usiku haswa nikiwa na njaa, naambiwa ni alsa, vidonda vya tumbo. Mama anipa maji ya shubiri na mwarobaini kila asubuhi, mwezi wa pili sasa, yapoa kisha yarudi. Niendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama simlaumu, lakini hebu simama kwanza. Alsa nyingi zaletwa na bakteria aitwaye H. pylori (daktari Marshall wa Australia alimnywa mwenyewe 1984 kuhakikisha, watu wana moyo!) au na vidonge vya maumivu kama diklofenaki, je wavimeza? Ule utomvu wa manjano wa shubiri waharisha. Nenda upimwe choo, akionekana huyo mdudu utapewa antibayotiki mbili na ya kupunguza asidi, kawaida siku 14, umalize zote hata ukipata nafuu. Choo kikiwa cheusi kama lami au ukitapika damu, hospitali saa hiyohiyo.