Wastani wa Dakika 45 Ulioniaibisha

Miezi michache iliyopita bosi wangu alichoka kusikia kwamba msongamano wa Jogoo Road, Nairobi, ndio unaonichelewesha. Nikaona bora nipime. Kwa siku kumi niliandika kwenye simu dakika za kutoka stejini Umoja hadi kushuka Muthurwa, kisha Jumapili nikazihamishia kwenye Excel, programu ya majedwali, na kuandika =AVERAGE(B2:B11), fomula ya wastani. Jibu likaja 45. "Basi ukipanda saa kumi na mbili u nusu, saa moja na robo uko mjini," bosi akasema. Ningebisha vipi, na hesabu ni yangu?

Ila nilikumbuka asubuhi moja ya mvua, tulipokaa garini hadi makanga mwenyewe akaishiwa na maneno. Siku ile nilikuwa nimeiandika "saa 2 na dk 15". Kwangu huo ni muda. Kwa Excel ni maandishi, na AVERAGE ikikuta maandishi kwenye seli (kisanduku kimoja cha jedwali) huyaruka kimya kimya, bila onyo lolote. Kumbe nilikuwa nimepewa wastani wa siku tisa.

Ndiyo maana siku hizi nikimwelekeza mtu kutumia Excel sianzi na wastani. Naanza na COUNT, inayohesabu seli zenye namba, na COUNTA, inayohesabu seli zote zisizo tupu. Kwangu moja ilisema 9, nyingine 10. Zikitofautiana, usiendelee mpaka ujue ni kwa nini. Tazama pia upande: kama hujagusa mpangilio, namba huegemea kulia na maandishi kushoto. Neno "dakika" liandike juu ya safu mara moja, huko chini ziwe namba peke yake.

Nilipoandika 135, dakika za ile siku ya mvua, wastani ukaruka hadi 54. Hizi hapa siku zangu: 40, 45, 42, 48, 44, 50, 46, 43, 47, 135. Siku tisa nilifika kabla ya dakika 54, na hakuna hata siku moja iliyochukua 54 kamili. =MEDIAN(B2:B11), yaani namba ya katikati ukizipanga kuanzia ndogo, ilitoa 45.5 (kati ya 45 na 46), ile siku ya mvua haikuitikisa. Lakini mkengeuko sanifu, unaoonyesha namba zimetawanyika kiasi gani, ulikuwa 3.1 bila siku hiyo na 28.6 ikiwemo. Kilio changu kwa bosi kilikuwa humo, si kwenye wastani.

(Kwa mkengeuko huo utakuta fomula za STDEV.S na STDEV.P, zilizokuja na Excel 2010. S ni ya sampuli, P ni ya kundi zima. Siku kumi ni sampuli tu ya asubuhi zangu, kwa hivyo S.)

Na uchore grafu, hata kama ni mbaya. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga majedwali manne madogo yenye wastani uleule na uwiano uleule (kipimo cha jinsi safu mbili za namba zinavyokwenda pamoja), karibu 0.816. Ukiyachora, moja ni mstari uliotawanyika kidogo, jingine limepinda kama upinde, na mawili yaliyobaki yameharibiwa na nukta moja iliyojitenga. CORREL, fomula ya uwiano huo, peke yake isingekuonyesha hayo.

Kozi ya Excel? Nililipia moja, ya mauzo ya kampuni ya kubuni, nikasinzia. Chukua namba zako: michango ya chama, tokeni za stima, mauzo ya mitumba. Jibu likiwa la uongo utalishtukia, kwa sababu ulikuwepo. Kama huna Excel, LibreOffice Calc ni ya bure na fomula hizi zote zimo.

Bosi alipoona ile 135 alisema siku moja haitoshi kulaumu mvua. Hapo alinishika. Nimeongeza safu ya C, "mvua" au "kavu", na =AVERAGEIF(C2:C64,"mvua",B2:B64), wastani wa siku za mvua peke yake, inangoja. Asubuhi za mvua bado ni saba tu.