Kabla Hujausambaza Ubuyu wa Wakubwa, Jiulize Nani Atalipa

Mimi ni msusi, na ubuyu naupenda. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimekuja kuhubiri. Rasta nyembamba zinakula saa sita, wakati mwingine nane, na hakuna mwanamke anayeweza kukaa kwenye kiti muda wote huo akizungumzia mvua. Wateja wangu wengine nawafuata nyumbani, Masaki na Mbezi Beach, kwa hiyo habari za waheshimiwa, wake zao na wasio wake zao zinanifikia zikiwa bado za moto.

Wanaosema udaku ni kazi ya wasio na kazi wanatuonea. Hawa wakubwa ndio wanaoamua barabara ipite wapi na kodi ipande kiasi gani, na mara nyingi hawatuelezi sababu. Tukipata upenyo wa kuchungulia juu ya ukuta wao, lazima tuchungulie. Halafu kuna raha nyingine, tusifichane: kujua kwamba mwenye geti la umeme naye kanuniwa na mkewe. Enzi za magazeti ya udaku, kina Kiu na Ijumaa, watu walijaa kwa muuza magazeti wakisoma vichwa vya habari bila kununua, wenye tai na wenye kandambili bega kwa bega. Siku hizi kilichobadilika ni simu tu.

Kwa hiyo sikuambii uache. Nakuambia hivi: kabla hujaupeleka mbele, jiulize ukijulikana umetoka wapi, nani atalipa. Kwa niliyoyaona, anayelipa mara nyingi siye anayesemwa.

Kuna nyumba niliyokuwa naenda kusuka. Bosi, mtu wa ofisi kubwa, ilisemekana kamnunulia gari mwanamke mwingine. Mkewe alikuwa akilisimulia hilo mwenyewe, kwa simu, spika imewashwa, mimi nikiwa na kichwa chake mikononi. Alimwambia shoga yake mmoja, akakata, akampigia wa pili. Haikuchukua muda habari ikawa kwenye magrupu ya WhatsApp, na rangi ya gari ikatajwa. Aliyefukuzwa ni dada wa kazi. Binti mwenye simu ya kitochi, hata hiyo WhatsApp hana. Aliondoka na begi lake na mshahara anadai. Bosi yupo, gari lipo, na wale mashoga wawili kwenye kitchen party wanakaa meza ya mbele.

Hapo ndipo nilipouelewa utaratibu wao. Siri ya nyumba kubwa ikivuja, uchunguzi unaanzia jikoni. Ukitoka jikoni unakwenda getini kwa mlinzi, kisha kwa dereva. Sebuleni haufiki.

Kwa hiyo mimi nina kipimo changu. Nikisikia habari yenye kitu ambacho angeweza kukijua mtu mmoja tu, kama walichogombania mezani, chumba alicholala baba, dawa iliyo kwenye droo, habari hiyo inaishia kwangu. Haijalishi ni tamu kiasi gani. Kitu kidogo kama hicho ndicho kinachomwonyesha mwenye nyumba pa kunyooshea kidole. Habari isiyo na vitu hivyo ("nasikia wameachana") haimuumizi sana mtu wa chini, ingawa najua haina ladha.

Na msidhani haya ni ya uswahilini kwetu tu. Kisa ninachowasimulia sana wateja ni cha Uingereza, cha John Profumo. Alikuwa waziri aliyesimamia jeshi la nchi kavu. Mwaka 1961, kwenye jumba la Cliveden la tajiri Lord Astor, alimkuta binti wa miaka 19, Christine Keeler, akiogelea, wakaanza uhusiano. Binti huyo alikuwa anafahamiana pia na Yevgeny Ivanov, ofisa wa jeshi la majini kwenye ubalozi wa Urusi ya Kisovieti. Hiyo ni vita baridi, fikiria mwenyewe. Machi 1963 Profumo akasimama bungeni kukanusha. Juni mwaka huo huo akakiri kwamba aliliongopea Bunge, akajiuzulu. Jaji Denning alipotoa ripoti ya uchunguzi Septemba, ilichapishwa kama kitabu, na watu wa London walipanga foleni usiku wa manane kuinunua. Ripoti ya serikali! Ziliuzwa nakala zaidi ya 100,000.

Sasa piga hesabu ya malipo. Stephen Ward, yule daktari wa viungo aliyewakutanisha, alishtakiwa kwamba anaishi kwa pesa za wanawake wanaouza miili. Marafiki zake wakubwa wakamkimbia, akameza vidonge kabla hukumu haijasomwa, akafa Agosti 1963. Keeler alifungwa miezi tisa kwa kusema uongo chini ya kiapo katika kesi nyingine, na kashfa hiyo ilimganda mpaka alipofariki mwaka 2017. Profumo alipoteza uwaziri, ndiyo, na sitamnyima haki yake: alikwenda kujitolea Toynbee Hall, kituo cha kusaidia maskini mashariki mwa London, akakaa huko miaka mingi. Lakini mwaka 1975 Malkia alimpa nishani. Mwaka 1995, kwenye sherehe ya kutimiza miaka 70 ya Margaret Thatcher, alikalishwa karibu na Malkia. Aliyedanganya bungeni akarudi mezani, na binti akabaki kuwa mzaha wa magazeti. Nikifika hapo kwenye simulizi, saluni yote inanyamaza, kisha mmoja anasema, "Wanaume!" Mimi naona si uanaume peke yake. Ward naye alikuwa mwanaume.

Utaniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sawa. Lakini methali hiyo haisemi lipo kwa nani. Mara nyingi lipo, ila mlango siyo huo tuliougonga.

Kuna ubuyu mwingine ambao mlipaji ni wewe mwenyewe unayecheka. Mnakumbuka 2008, lilipotoka gazetini Uingereza kwamba waziri Andrew Chenge ana zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwani Jersey, akaziita vijisenti? Alikana kufanya kosa lolote na hakushtakiwa katika uchunguzi ule, ila uwaziri aliuachia. Hiyo "vijisenti" iliingia saluni, daladala, harusini, watu wakacheka mpaka wakachoka. Uchunguzi wenyewe ulihusu rada ambayo nchi yetu iliuziwa na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, ikapigwa faini ya pauni 500,000, na katika makubaliano ikalipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Pesa hizo zilikwenda kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Hilo sikumsikia mteja hata mmoja akiliongelea, na wengi wao wana watoto waliokuwa shule za msingi wakati huo. Kichekesho tulikidaka, hesabu tukaipitisha. Habari ya mkubwa ikiwa na pesa ya umma ndani yake, hiyo ndiyo ya kuing'ang'ania mwaka mzima, hata kama haina mchepuko.

Mwisho, tuongee simu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kiliweka adhabu kwa anayesambaza taarifa za uongo makusudi: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Mwenye wakili atajua pa kutokea. Msusi hajui. Wasichana wangu wa saluni nimewakataza mambo matatu: kurekodi sauti ya mteja, kupiga picha simu yake akiwa amesinzia kwenye draya, na kuweka jina la mtu kwenye "status". Kusikiliza hakuna kosa. Na mteja akikuinamia akanong'ona, "Eti ni kweli ya yule mama wa Oysterbay?", mjibu, "Dada, mimi pia nimesikia tu," kisha muulize rasta anataka ziishie mabegani au kiunoni, maana hilo ndilo atakalolilipia.