Maswali Yenu: Napiga pedeli 90, simu yasema 60, mara 120

SWALI: Nimeandika programu ya simu inayosoma sensa ya pedeli za baiskeli kwa Bluetooth. Nikipiga pedeli kwa mwendo mmoja, mizunguko 90 kwa dakika, simu inaonyesha 60, kisha 120, kisha 60 tena. Nilipojaribu kugawa kwa saa inayotumwa na sensa, nikiacha kupiga namba inaganda palepale. Na kila baada ya dakika moja na ushee hutokea namba hasi. Je, sensa ni mbovu?

JIBU: Sensa ni nzima, usiitupe. Kosa liko kwenye hesabu, na dalili zote tatu zina chanzo kimoja: sensa haitumi mizunguko kwa dakika. Hutuma vitu viwili tu, yaani jumla ya mizunguko iliyokwisha kuhesabu, na saa ya mzunguko wa mwisho. Saa hiyo huhesabiwa kwa vipande, 1,024 katika kila sekunde.

Chukua ujumbe huu, ulioandikwa kwa namba za msingi wa 16 (heksadesimali), kila jozi ikiwa baiti moja: 02 2C 01 00 08. Ile 02 inasema kuna data ya pedeli peke yake. Baiti mbili zinazofuata ni idadi, na baiti ndogo hutangulia, kwa hiyo 2C 01 ni 300. Mbili za mwisho ni saa: 2048. Ujumbe unaofuata ukiwa 02 2D 01 AB 0A, idadi ni 301 na saa ni 2731. Mzunguko mmoja umechukua vipande 683. Zidisha mzunguko huo kwa 61,440 (yaani 60 mara 1,024), ugawe kwa 683: unapata karibu 90.

Wewe mwanzoni, bila shaka, ulihesabu mizunguko iliyoongezeka kila sekunde ujumbe unapofika. Kwa mwendo wa 90, sekunde moja huangukiwa na mzunguko mmoja na inayofuata miwili. Ndiyo 60 na 120 yako. Gawanya kwa saa ya sensa, kamwe si kwa saa ya simu. Faida nyingine ni kwamba ujumbe mmoja ukipotea njiani huharibikiwi, kwa sababu jumla huendelea.

Namba hasi hutokana na saa hiyo kuwa ya biti 16: ikifika 65,535 hurudi sifuri, yaani kila sekunde 64. Saa ya kwanza ikiwa 65,400 na ya pili 547, tofauti ni hasi 64,853. Ongeza 65,536 upate 683 ileile. Fanya hivyo hivyo kwa idadi ya mizunguko, nayo ni ya biti 16.

Kuganda kunahitaji uamuzi wako. Miguu ikisimama, sensa hurudia idadi na saa zilezile. Usigawe kwa sifuri, wala usiandike 0 papo hapo, maana anayepanda mlima kwa mizunguko 30 humaliza mmoja kwa sekunde 2. Sisi tungesubiri sekunde 3 ndipo tuandike 0. Msafiri akipumzika zaidi ya sekunde 64, tupa tofauti ya kwanza anapoanza tena: saa imekwisha kuzunguka na huwezi kujua mara ngapi.

Jihadhari pia na sensa inayopima gurudumu pamoja na pedeli. Baiti ya kwanza huwa 03, na baiti sita za gurudumu hukaa mbele ya zile za pedeli. Ukisoma mahali pa zamani utapata upuuzi.

SWALI: Saa yangu ya baiskeli haiioni sensa nikiwa nimewasha programu ya simu. Kwa nini?

JIBU: Sensa nyingi za zamani za Bluetooth hukubali kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na simu imewahi. Funga programu, zungusha pedeli mara kadhaa sensa iamke, kisha utafute upya. Kama saa yako na sensa vina ANT+ (njia nyingine ya kutuma data bila waya), tumia hiyo: hutangaza kwa wote walio karibu, na simu ibaki na Bluetooth.